Mapokezi Ng'ambo ya Mto

Walikuja asubuhi, wawili, na hawakuomba kitu.

Hilo ndilo lililomshangaza Libérata. Miaka yote mumewe alipokuwa mbunge, hakuna aliyekanyaga sebule ile bila kuomba: kazi, mabati, karo ya shule. Tangu Faustin Byukusenge ashindwe uchaguzi, hata waombaji walikoma. Simu yake ilikaa mezani kutwa nzima bila kulia. Wenzake wa Kinshasa hawakupokea akiwapigia. Jioni alikuwa akisema kwamba chama bado kinaweza kumpa useneta, au hata uwaziri, na Libérata aliitikia tu huku akichambua maharage.

Sasa Mama Athanasie, aliyemtafutia Faustin kura miaka mingi katika vijiji vya mbele ya Kalembe, alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, kitenge chake kimejaa matope. Kando yake alikuwa Papa Sylvain, directeur, yaani mwalimu mkuu, wa shule ya huko. Tangu antena ya simu ichomwe moto, habari za upande ule hazikuwa zikifika mjini.

"Honorable, rudi kwetu," Athanasie alisema. "Bantu bote banasema ni weye tu. Hakuna mwingine mwenye anaweza kutusaidia."

"Bote?"

"Hata bale vijana ba mu pori. Kila siku banataja jina yako."

Faustin alinyoosha mgongo. Aliwakumbuka vijana hao na bunduki zao. Katika kampeni moja aliwafuata hadi msituni akawaahidi kwamba wakimletea kura atawaingiza jeshini, kila mmoja na cheo chake. Kura walizileta. Kisha mambo ya Kinshasa yakawa mengi, na siku alipoulizwa redioni juu yao, aliwaita majambazi. Kumbe hawakumwekea kinyongo. Mtu atakayewatoa vijana wale msituni, aliwaza, hatakosa wizara.

"Lakini usikuye na polisi," Papa Sylvain alisema. "Bantu bakiona polisi batakimbia."

Libérata alimvuta mumewe jikoni.

"Faustin, bale bantu habaombe kitu. Siku gani uliona vile?"

"Njo heshima hiyo, Mama. Tumeisahau tu."

Wakampakia kwenye pikipiki. Walipofika Burungu alivua kofia ili atambulike, lakini watu waliokuwa wakipalilia maharage hawakuinua vichwa. Kwenye kizuizi kimoja askari walimkagua mifuko kama mzee yeyote. Hilo lilimuuma kuliko kushindwa uchaguzi. Akavaa kofia tena.

Baada ya Kalembe barabara iliwashinda, wakashika njia ya miguu. Na huko mambo yakabadilika. Wanawake walitoka katika mashamba ya muhogo mbio, majembe mikononi. Wengine walipiga magoti kwenye matope. Bibi mmoja alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akalia.

"Mungu akubariki, Papa. Kumbe umekuya kweli!"

Hakuna aliyemuuliza juu ya daraja alilowaahidi kila kampeni. Hakuna aliyedai fulana wala pombe. Faustin alihisi machozi yakimlenga. Alikuwa ameanza kuamini kwamba atakufa bila kuacha jina popote, na kumbe jina lake lilikuwa hapa, kwa watu hawa.

Wakamchinjia kuku. Alipokuwa akila, watu walijaa mlangoni wakimtazama, na hakuna aliyekubali kuonja, hata alipowakaribisha. Kisha wakampeleka kanisani, wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani, mabegani, mgongoni. Walimwombea kwa muda mrefu sana. Mama Athanasie alishindwa kumaliza sala yake, akatoka nje akijifuta uso.

"Anachoka sana," Papa Sylvain alisema. "Mutoto wake mudogo hayuko nyumbani."

Walipotoka walipita mbele ya shule. Madawati yalikuwa yamelala ubavu, na mlango ulikuwa umeng'oka bawaba moja.

"Batoto bako wapi, directeur?"

"Ng'ambo ya muto." Sylvain hakuinua macho. "Kesho asubui utabaona. Banakungojea weye."

Faustin alicheka kidogo. Zamani pia, kila alipokuja, walikuwa wakiwapanga wanafunzi barabarani wamwimbie. Siku zote alijifanya kuwakataza, na siku zote alifurahi.

Asubuhi alivaa koti lake la suti na kubandika beji ya ubunge ambayo hakuwahi kuirudisha. Kijiji kizima kilimsindikiza. Walishuka mlima kimya, wanawake mbele, hata vikongwe. Ukingoni mwa mto, wote walisimama.

Ukungu ulipopanda kidogo aliwaona. Wanafunzi walikuwa wamepangwa ng'ambo katika mstari mmoja ulionyooka, mashati yao meupe yamegeuka rangi ya udongo, wengi bila viatu. Aliona huruma kwamba walikuwa wamesimamishwa pale mapema hivyo, kwenye baridi, kwa ajili yake.

"Vuka, Honorable," Mama Athanasie alisema. "Maji si mingi."

Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini peke yake, akiitafuta moyoni sentensi ya kwanza ya hotuba yake. Alipofika katikati aliinua mkono kuwapungia.

Watoto hawakuimba. Hakuna hata mmoja aliyeinua mkono.

Mtu mwenye bunduki alitoka nyuma yao, akamtazama Faustin kuanzia miguuni hadi usoni, halafu akatupa macho upande wa pili, kwa wanawake.

"Njo yeye? Ni huyu?"

"Njo yeye," Mama Athanasie alijibu kutoka nyuma ya Faustin, huku akilia. "Sasa turudishie batoto betu."