Padri Hapiti Hapa

Constant aliuziba mlango kwa mwili wake wote, mkono mmoja kwenye mwimo na mwingine kiunoni, kama mtu anayezuia mbuzi wasiingie jikoni.

"Padri hapiti hapa," alisema.

Abbé Timothée, padri wa parokia, alisimama uani na kichupa chake cha mafuta matakatifu. Nyuma yake wavuvi wa maporomoko, waliomleta kwa mtumbwi, walitazama chini kwa aibu. Ndani, papa Michel, baba yake Constant, alikuwa anakohoa. Miaka arobaini alifunga mitego yake kwenye magogo katikati ya maji yanayochemka, asianguke hata siku moja. Sasa pafu ndilo lililomwangusha.

"Ni papa yako ameniita," alisema abbé.

"Papa iko na homa. Mutu wa homa anaita hata nyanya yake aliyekufa."

Pétronille, dada mdogo wa Constant, alimvuta shati. "Yaya, kaka yangu, acha apite. Dakika tano tu."

"Hata moja."

Constant alikuwa msaidizi wa maabara huko Yangambi, na tangu mwaka wa 1955 hakuwa amekanyaga kanisani. Gazeti moja la Ubelgiji ndilo lililomfungua macho. Humo profesa mmoja, A. Delcroix, alieleza kwa hesabu kwamba ulimwengu mzima, jua, nyota, mto na watu wake, ulitoka katika punje moja ndogo iliyopasuka zamani mno. Constant aliisoma makala hiyo mara saba, akacheka mara saba. Kumbe siku sita za mapadri zilikuwa hadithi za kubembelezea watoto! Alimwandikia profesa, na profesa, ajabu, akamjibu kwa mkono wake mwenyewe. Tangu hapo barua zilikuja na ndege kila baada ya miezi michache, na Constant alitembea nazo mfukoni kama wengine wanavyotembea na rozari.

"Huyo profesa wako," abbé aliuliza kwa upole, "iko na bibi? Iko na batoto? Siku baba yake alikufa, alifanya nini?"

"Hana bibi. Ameniandikia mwenyewe. Kila siku anaamka kabla ya jua, anakaa peke yake, anafikiri. Bibi yake ni sayansi. Na wewe, abbé, unajua hesabu gani? Ya kuhesabu mishumaa?"

Mvuvi mmoja aliguna.

"Constant," sauti ya mgonjwa iliita, nyembamba kama uzi.

Constant aligeuza kichwa bila kuuachia mlango.

"Hiyo punje unasemaka," papa Michel alisema, akipumzika kila baada ya neno, "nani aliiweka?"

"Papa, hilo ni swali la watu hawakusoma."

"Bon. Miye sikusoma." Mzee alifumba macho. "Ita mupadri, mwanangu."

Mwana hakumwita. Abbé alichora msalaba hewani, palepale uani aliposimama, kisha akarudi mtumbwini. Papa Michel alikata roho saa tisa alasiri, uso ameuelekeza mlangoni.

Tangu siku hiyo Pétronille alimpakulia kaka yake chakula bila kumtazama. Wavuvi waliacha kumwamkia. Constant aliwadharau wote, mmoja mmoja na kwa jumla. Alimlilia baba yake, ndiyo, lakini kwa kujificha, kisha akaketi kumwandikia profesa kurasa nne. "Nilisimama mlangoni," aliandika, "kwa jina lako na kwa jina la sayansi." Alipofika kwenye lile swali la mzee, kalamu ilisita kidogo. Akaliruka.

Jibu lilifika siku ya kumaliza matanga. Ukoo mzima ulikuwa uani, samaki wakiwa motoni, wanawake wakitwanga. Waziri, karani wa posta na rafiki yake, aliileta bahasha mwenyewe. Constant aliinua juu ile stempu ya Ubelgiji ili kila mtu aione. Hakuifungua. Alimrudishia Waziri.

"Soma wewe, kwa sauti, na uigeuze kwa Kiswahili. Wasije kusema miye nimetunga. Leo mutasikia mutu mwenye akili."

Pétronille aliweka mwiko chini.

Waziri aliifungua bahasha, akasafisha koo.

"'Rafiki yangu mpendwa. Barua yako niliiweka chini mara mbili kabla ya kuimaliza. Hesabu zangu zinaweza kueleza ulimwengu ulianzaje. Kwa nini upo, hazijui, wala sikukuambia kamwe kwamba zinajua.'"

"Muko nasikia?" Constant aliwaambia watu. "Wasomi wa kweli hawajisifu. Si kama wale wa kanzu. Endelea."

"'Unasema ulisimama mlangoni kwa jina langu. Rafiki yangu, kama ningekuwa uani kwenu siku ile, ungenizuia mimi pia.'"

Constant alicheka sana. "Miye? Nimuzuie profesa? Alors, ningemutandikia mkeka mpaka mtoni!"

Na wengine walicheka, kwa adabu. Waziri hakucheka. Alikuwa ametangulia kwa macho hadi mwisho wa ukurasa. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Soma basi," alisema Constant.

"'Kesho alfajiri,'" Waziri alisoma polepole, "'kabla ya kwenda kufundisha, nitamsomea baba yako misa. Wako katika Kristo, padri Armand Delcroix.'"