Kaa

Tangu kiharusi kimpige, Mzee Shaame hakutamka kitu. Mchana ule, mkewe Bi Somoe alikuwa anatoka na beseni la nguo aliposikia sauti kitandani.

"Kaa."

Beseni lilimponyoka. Baridi hiyo, maskini! Akakimbilia jikoni, akarudi na makaa ya moto kwenye kigae, akayasogeza karibu na miguu ya mumewe.

"Haya, bwana, ota moto."

Mzee alitikisa kichwa kwa shida. "Kaa."

"Ala! Kaa wa kula?" Moyo wake ulijaa furaha. Mgonjwa akitaka kula, huyo anapona. Akajitanda kanga, akaenda mbio sokoni, akachagua kaa mnene, mzima, akamtia kapuni.

Aliporudi, binti yao Rukia alikuwa ameshamfunika baba yake shuka mpaka usoni.

"Ulikuwa wapi, mama? Alikuwa anapapasa hapa ubavuni pake, anasema kaa, kaa, mpaka sauti ikakatika."

Bi Somoe alipatazama. Pembeni ya maiti palikuwa na nafasi ya kumtosha mtu mmoja. Maisha yote ya ndoa mume huyu alimwambia leta, pika, fua, hebu fanya haraka. Neno hili hakuwahi kumwambia.

Kaa alijipenyeza nje ya kapu, akatambaa upande upande sakafuni, akakipita kigae ambacho makaa yake yalikuwa yamegeuka jivu, akaelekea mlangoni. Bi Somoe hakumfuata. Alikaa.