Matairi Yanayong'aa

Kila mwaka kabla ya mashindano ya mbio za magari, magari ya mji ule yalioshwa na matairi kupakwa mafuta, yapendeze kwenye picha na mgeni rasmi. Safari hii, kwenye gari moja, aliyepaka hakuishia pembeni. Alipaka mpaka pale tairi linapokanyaga lami.

Nyamizi, fundi wa gari hilo la mdogo wake Shija, alipitisha kiganja juu ya tairi kikateleza. Akachukua tambara lenye petroli, akaanza kusugua matairi ya nyuma, maana mbele mgeni rasmi alikuwa bado anapigwa picha.

"Mama, kichwa chako kinaingia kwenye picha," mpigapicha alisema. "Inama kidogo."

Akainama.

"Dada, acha yang'ae," Shija alisema akivaa kofia ngumu. "Unataka nionekane nimetoka shamba?"

"Tairi likiteleza, breki hazina kazi. Subiri nifute ya mbele."

"Na mgeni rasmi nimwambieje? Kwamba dada yangu anafua matairi?"

Watu wakacheka. Shija akaingia garini, na bendera ikashushwa.

Nyamizi alibaki amesimama, akisikiliza. Kwenye kona ya kwanza, kila gari lililofunga breki matairi yake yalilia yaking'ang'ania lami. Zamu ya Shija ilipofika, taa nyekundu ziliwaka nyuma ya gari, zikaendelea kuwaka, na Nyamizi hakusikia mlio wowote. Gari halikukata kona. Lilikwenda moja kwa moja, ukutani.

Alilitazama tambara mkononi. Upande mmoja ulikuwa mweusi. Wa pili ulikuwa bado mweupe.