Kiplefti

Asubuhi ile walikivunja kiplefti, ule mzunguko wa katikati ya njia panda. Bi Somoe alisimama kando ya barabara, kanga kichwani, akitazama mafundi wakipakia kifusi kwenye lori. Marehemu mumewe alizoea kumwambia, "Nisubiri kiplefti," naye alimsubiri pale kila jioni, hadi akawa hana tena wa kumsubiri.

Kibao cha bati kilikuwa kimetupwa vumbini. Alimwomba fundi mwenye kofia ya njano amwachie.

"Chukua tu, mama. Utakifanyia nini?"

"Kimeandikwaje?"

"Kiplefti." Fundi akacheka. "Kumbe ni Kizungu, mama. Kinawaambia madereva, baki kushoto. Wazee wetu walikiona kimesimama hapa, wakadhani ndilo jina la mahali."

Bi Somoe hakucheka. Miaka yote alijua ni neno la nyumbani, kama kikombe, kama kitanda. Kikiwa kimoja kiplefti, vikiwa viwili viplefti.

"Baki kushoto," alisema. "Basi?"

"Basi, mama. Hakuna kingine."

Alikibeba kwapani mpaka nyumbani, akakiegemeza ukutani, chumbani. Akatandika kitanda. Akaupigapiga mto wa upande wa kulia, ambao hakuna aliyeulalia tangu msiba. Kisha akajilaza chali palepale anapolala tangu aolewe, upande wa kushoto, na mkono wake wa kulia akaunyoosha juu ya shuka, ukafika mpaka mwisho wa kitanda bila kugusa kitu.