Sekunde Tatu za Kiwanda

Jikoni mwa kila nyumba ya mtaa wa kiwanda mlikuwa na sanduku la chuma lililotunza umeme, na betri nyingine yoyote ilikuwa marufuku. Umeme wa gridi ulipoyumba, kiwanda kilivuta akiba ya masanduku yote kwa sekunde tatu ili mota za mashine za kufuma zisisite. Majumbani kila kitu kilizimika, watu wakahesabu hadi tatu, maisha yakaendelea.

Nakijwa alihesabu kwa sauti, kwa ajili ya baba yake aliyepumua kwa msaada wa mashine. Mzee alihesabu naye kwa vidole.

Asubuhi moja walikuwa wanakunywa chai mashine iliponyamaza.

"Moja. Mbili. Tatu," alisema Nakijwa.

Kimya. Mzee akakunja kidole cha nne, kisha cha tano, macho yamemtoka. Ndipo mashine ikakoroma tena.

"Wameongeza," alisema alipopata pumzi. "Nani kawaambia tatu hazitoshi?"

Nakijwa alimwongezea chai. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu ya ufumaji kiwandani. Wiki iliyopita mota zilisita, nyuzi zikakatika, naye akajaza fomu ya kuomba muda zaidi. Aliandika tano, akafuta, akaongeza, kama wasimamizi wote wanavyofanya. Na kiwanda hupandisha polepole mpaka kifikie kilichoombwa.

"Basi usihofu, mwanangu," mzee alisema, akimpapasa mkono. "Tano nitazizoea."

Kwenye fomu Nakijwa alikuwa ameandika kumi.