Kisigino cha Kushoto

"Leo umekuja bila kigari cha dawa," alisema Bi Sigrun. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, bibi. Kompyuta ndiyo iliyokufa. Nimepata nafasi ya kukuangalia miguu."

"Makubwa! Tangu theluji ianze hujawahi kuja mikono mitupu."

Alisema kweli. Makao yetu yana wazee arubaini na wawili, muuguzi mwenye leseni ni mimi peke yangu: asubuhi nagawa vidonge, mchana najaza fomu. Kila Jumatatu kwenye fomu yake nilinakili ya wiki iliyopita, "ngozi salama," nikatia sahihi.

Nilifunua blanketi, nikamvua soksi ya sufu. Kisigino cha kushoto kilikuwa na duara jekundu, ukubwa wa kifungo cha koti. Ngozi yenye afya ukiibonyeza hugeuka nyeupe kwanza, ndipo damu hurudi; isipogeuka, kidonda cha kulala kimeanza. Nilibonyeza kwa kidole gumba, nikaachia. Ilibaki nyekundu vilevile. Nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi.

Bi Sigrun alitazama dari, akitabasamu kama mtu aliyepata mgeni.

"Haya, nishike basi, mwanangu," alisema. "Mbona umesimama tu hapo?"

Kidole changu kilikuwa bado kimekandamiza kisigino chake.