Mlango Namba Nne

Kila alfajiri mashine huchagua nyumba zinazoruhusiwa kuwasha jiko, na Bi Mashavu wa nyumba ya tisini na nane alikuwa amechoka kutafuna muhogo mbichi.

“Mashine haina mjomba,” alisema Haroub, fundi wa mashine hiyo.

“Usinihadae! Nyumba ni mia, yenyewe inaokota namba kuanzia moja hadi mia mbili hamsini na sita. Ikipita mia inaanza upya, mzunguko wa tatu unaishia njiani, nyumba ya hamsini na sita. Mimi nina nafasi mbili. Wewe wa namba nne unazo tatu!”

“Nimekuzidi nafasi moja tu, Bi Mashavu.”

“Basi nipe mimi!”

Haroub akaenda zake kazini. Bi Mashavu akachovya brashi kwenye rangi, akaandika 4 mlangoni pake.

Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa namba nne, na Haroub amesimama uchochoroni, ufunguo mkononi, akiutafuta mlango wake.